Mchuzi wa Sista wa Ghorofani

Juzi mjukuu wa wifi yangu kaja na kopo la plastiki lina mchuzi mwekundu, kalitoa kwenye mfuko kwa mikono miwili kama kaleta maji ya Zamzam. "Bibi, onjeni, huu mchuzi wa Kifilipino, tumepanga foleni nusu saa." Nusu saa, mtu mzima mwenye ndevu, kapangia foleni mbatata. Basi wifi yangu, ambaye sasa kabakiwa na meno mawili na hayo mawili hayajuani, kalishwa kijiko kimoja kafumba macho. Kalishwa cha pili. Cha tatu hakungoja kulishwa. Kisha kanigeukia: "Mie nishakula hiki. Nishakula wapi hiki?"

Nikajitia kutafuta miwani yangu, na miwani ninayo usoni.

Kaa, shoga yangu, nikuhadithie wewe, maana wale pale walishaanza kupiga picha kopo. Utoto wangu wa kwanza niliuacha Unguja, na sina mengi ya kuusema, nilikuwa mtoto wa kutumwa maji. Lakini mtu akilea hupewa utoto mara ya pili, na huo wangu ulikuwa Matrah, huko Omani, miaka ya tisini, kwenye kichochoro nyuma ya soko, wanangu wadogo, na mie mwenyewe bado nnapanda ngazi bila ya kushika goti. Asubuhi meli inapiga honi bandarini, kikombe kinatetemeka kwenye kisahani. Adhuhuri kichochoro kizima kinanuka vitunguu, na kila mwanamke anajua kwa pua nani kapika nini na nani kaunguza.

Siku hizi watu wakiitaja Matrah ile hutoa machozi. Nawasikia harusini, wamekaa wamejifukiza udi, sauti wamezilegeza: "Ah, zamani tulikuwa kitu kimoja." Hatukuwa kitu kimoja. Tulikuwa watu wa kuchunguliana vyungu. Mimi nilikuwepo, na mie mwenyewe nilikuwa hodari wa kuchungulia.

Nyumba ilikuwa ya bwana wangu, Mungu amrehemu. Sisi tunakaa chini, na juu kuna vyumba viwili na jiko dogo, na huko alipanga Sista. Alikuwa nesi hospitali, Mfilipino, mwanamke mfupi, viatu vyeupe, anatembea kama hataki kuiamsha sakafu. Kiswahili alikipata wodini kwa vizee vya Kizanzibari, hajafundishwa na mtu mwengine, basi akisema utadhani bibi wa miaka themanini kaingia ndani ya kijana. "Wajionaje, Mama? Miguu yauma?" Mtu ana miaka thelathini na mbili anakohoa kwanza ndo aseme. Mie nikimwigiza, wanangu wanagaragara chini kwa kucheka, na siku moja akanisikia kwenye ngazi. Hakukasirika. Alisimama, kisha akaniigiza mimi ninavyomfokea muuza samaki, mkono kiunoni na kila kitu. Toka siku hiyo tukawa marafiki, maana mtu asiyejua kuigiza mie simuamini.

Kwetu, na wewe unajua, bakuli la jirani halirudi tupu. Ukipelekewa tambi, bakuli unalirudisha na chochote, hata ndimu tatu. Mwezi wa kwanza nilimpelekea Sista vitumbua, kanirudishia bakuli na biskuti za dukani. Mwezi wa pili tena biskuti. Nikapanda juu kumwambia: mwanangu, biskuti hupewa mgonjwa. Kwani wewe kwenu hampiki?

"Kwetu twapika, Mama," kasema, "lakini chetu nyinyi haramu."

Akanionesha roshani. Kwenye msumari kuna sufuria ya kifuniko chekundu imetundikwa peke yake, na kijiko chake, na kisu chake, vimefungwa kwa utepe. Ile ya nguruwe. Nyama yake alikuwa akiinunua kwenye kile chumba cha nyuma cha supamaketi wanachoingia Wazungu na Wahindi wa Goa, anaipika Ijumaa yake moja moja milango imefungwa, na sufuria hailali ndani. Hakuna aliyemwambia afanye vile. Kaona mwenyewe kuwa nyumba ni ya watu wenye dini, kaiheshimu. Mie ninao jamaa hawaiheshimu nyumba ya mamao.

Wiki ile ile kanunua sufuria mpya sokoni, ya kifuniko cha buluu, kanionesha na karatasi yake haijabanduliwa. "Ile mimi. Hii nyinyi." Nyama nikaleta mie, ya mbuzi, kwa mchinjaji wetu, na ini lake.

Sasa sikiliza alivyopika, maana hao wa kopo la plastiki wameharibu. Nyama unaikata kete ndogo, kete za bao, si mabonge. Unailaza kwenye ndimu na ule mchuzi mweusi wa Kichina wenye chumvi. Ini unalikaanga mbali, upesi, unaliweka pembeni, maana likichelewa motoni linakuwa kandambili. Thomu, kitunguu, kisha tungule, yaani nyanya, na juu yake tungule za kopo mpaka ikoze rangi. Jani kavu moja la kunukia. Mbatata na karoti nazo kete kete, zikaangwe kwanza ndo zisivurugike. Pilipili boga nyekundu mwisho. Halafu akachukua zabibu kavu akamwaga ndani. Nikamwambia Sista we, umechanganya na pilau. Akacheka. Nilipoonja nikakaa chini. Ilikuwa na ukali wa ndimu, na utamu unapita nyuma yake taratibu, kama mtu mwenye adabu anayengoja azungumzishwe. Kwao wanautia nguruwe, na wao wanasema wa mbuzi haupati. Wao wana yao. Mie nilikula masahani mawili jikoni kwake, nimesimama, na chini nikasema nilikwenda kuanika.

Miaka mitatu nikaenda kuanika. Nguo za nyumba ile zilianikwa kuliko za hospitali.

Kwa nini nilificha? Kwa sababu ya wifi. Huyu huyu wa meno mawili. Dada mkubwa wa bwana wangu, alikuwa akija kila Ijumaa na kila siku ya mfungo, anaingia pua mbele. Akiketi tu anaanza, shingo ndefu, maneno anayavuta kama ubani: "Mke wa ndugu yangu, hii ni biriani au ni msiba?" Miaka kumi na mbili nimeolewa, mkono wangu hajausifu. Samaki wangu kawaita kiatu. Uji wangu kamwagia paka mbele yangu, na paka kaondoka. Na bwana wangu, mtu mzuri, lakini uti wa mgongo alimwachia dadake. Ukimuuliza lolote, hata kama kuna mvua, atakwambia: "Tumsikilize dada." Kwa wifi, mtu anayepanda jikoni kwa mla nguruwe kashakuwa nguruwe.

Basi Ramadhani moja wifi kaja kufuturu. Alasiri mimi nilikuwa juu. Mie nimefunga, Sista hakufunga, basi chumvi aliionja yeye kwa niaba yangu, na mie nnamwangalia usoni nijue. Ini nilikata mie kwa mkono wangu. Akajaza lile bakuli langu jeupe la maua, akasema, "Nitaleta mie, Mama, nawe uwe na mikono ya sambusa." Akaliteremsha kabla ya magharibi, kampa mwanangu mdogo wa kike mlangoni.

Tukafuturu. Tende, uji, mihogo, sambusa, na bakuli katikati. Wifi katia kijiko. Katia tena. Alimaliza sahani, kaomba mkate wa kufutia, kisha akayasema maneno niliyoyangoja miaka kumi na mbili: "Mke wa ndugu yangu, leo umepika."

Ningesema nini, shoga yangu? Nilisema, "Ahsante, wifi." Nikainamisha kichwa kama bibi harusi. Nikamwongeza.

Kijiko cha wifi kipo njiani, mwanangu akasema, kwa ile sauti ya mtoto inayofika mpaka msikitini: "Si mama. Kapika Sista wa juu. Kanipa mie mlangoni."

Wifi akakiweka kijiko chini polepole. Kisha akaanza kutapika, yaani sauti tu, kitu hakikutoka. "Uuu. Uuu. Nimelishwa nguruwe. Uuu, mwezi mtukufu." Anatapika huku mkono unatafuta maji ya tende. Akaamrisha vyombo vyote vioshwe mara saba, na moja kwa udongo. Sasa udongo wapi, nyumba ya saruji, jabali nyuma na bahari mbele? Akaingia uani, akaung'oa mrehani wangu kwenye chungu chake, mrehani nilioulea kwa mbegu kutoka Unguja, akachota udongo ule akasugua masahani. Hakuniuliza nyama imetoka wapi. Mtu mwenye hasira nzuri haulizi, anaogopa asije akajibiwa.

Lakini bwana wangu, siku hiyo moja, sijui alipata wapi, akasema: "Dada, tuulize kwanza." Wakanigeukia wote wawili. Wifi mikono ina udongo mpaka viwikoni. "Haya. Yule mwanamke alipopika hiki, wewe ulikuwepo?"

Neno moja. Ningesema nilikuwepo, nyama yangu, ini nimekata mie, sufuria ya buluu, basi ingekwisha pale. Wifi angelala na aibu yake na Sista angelala na nyumba yake. Lakini hapo ningekuwa nimekubali uongo wa mchuzi, na uongo wa kuanika, na miaka mitatu jikoni kwa watu. Na "leo umepika" ile ningeirudisha, nayo nilikuwa nayo dakika tano tu.

Nikasema, "Sijui."

Mtu anaulizwa alikuwepo, anajibu hajui. Hata paka wa uji angenicheka.

"Basi," kasema wifi. "Mwisho wa mwezi atoke." Na bwana wangu akasema la kwake lile.

Asubuhi yake Sista, kashaambiwa, kashuka na sufuria mbili, moja mkono huu, moja mkono huu. Kasimama mlangoni, viatu vyeupe, anakwenda kazini. Wifi kakaa kwenye kiti na tasbihi. Sista hakumtazama. Kaninyanyulia ile ya buluu. "Mama, waambie."

Mie nilikuwa nafagia. Nikaendelea kufagia. Nilifagia mahala pamoja mpaka saruji ikaona haya. Alingoja, kisha akapanda, na mara ile sakafu niliisikia.

Alihama akenda Ruwi na manesi wenzake. Siku ya kuhama mizigo ilishuka yote, taksi iko mdomoni mwa kichochoro, na yeye akaja mlangoni kwangu na bakuli langu jeupe la maua, maana baada ya siku ile nilimpelekea tambi kimyakimya, kama mwizi anayerudisha kandambili. Akanipa kwa mikono miwili. Nililipokea, na mkono ukaniruka juu, maana nilitegea uzito.

Lilikuwa tupu. Limeoshwa, limekaushwa, linang'aa. Miaka mitatu bakuli lile halijashuka tupu hata siku moja, na yeye desturi yetu alikuwa akiijua kuliko wifi na tasbihi yake. Alinitazama mpaka alipohakikisha nimeelewa. "Miguu yako uitunze, Mama," akasema, kwa sauti ile ya kizee. Akaondoka.

Sasa nyumba ile imegeuzwa duka la kuuza ubani na ngamia wa mbao kwa watalii wa meli. Jiko la juu limejaa maboksi. Bwana wangu hayupo, mrehani haukuota tena, na wale wale waliokuwa wakisema uuu, wajukuu zao wanapanga foleni nusu saa kwa mchuzi ule ule wa kutiwa nyama ya ng'ombe ya barafu, hauna ini, hauna zabibu, mbatata zimevurugika. Wanauita vyakula vya dunia. Bibi yao kwa dunia ileile alinisugulia masahani kwa udongo.

Na yeye juzi kakaa pale, mdomo mwekundu, ananing'ang'ania: "Nambie basi. Nishakula wapi hiki?"

Nikaona wacha. Sote tuko mlangoni kwa Mungu, namficha nani?

"Kwangu, wifi. Kapika Sista wa juu, Ramadhani ile. Nyama ya mbuzi, nimenunua mie. Nilikuwepo."

Akatafuna kwa yale mawili yake. Akafikiri. Kijiko kikarudi koponi.

"Sista yupi?" akasema.