Muscat Mpaka Morotonga, Saa Sita

Wapo wanaosema nilisinzia nikaota. Mtu anaotaje huku amesimama ananyonyoa kuku? Hili nililiona kwa macho yangu, mchana kweupe.

Mama alipofariki tulibaki wawili, mimi na dada yangu Bhoke. Yeye akaenda Muscat kufanya kazi za ndani, nami nikabaki hapa Morotonga na ng'ombe wetu. Niamini, boma likiwa na mtu mmoja hata mbwa hubweka kwa uvivu.

Jioni moja akapiga simu. "Kaka, nimepewa ruhusa. Naondoka asubuhi." Nikamuuliza Muscat mpaka Dar ni mbali kiasi gani. "Karibu kilomita elfu nne, ila kwa ndege ni saa sita tu."

Mimi ndege huziona zikipita juu kwenda mbugani, basi. Nilielewa nini? Saa sita mchana. Asubuhi nikachinja jogoo. Jirani yangu Mama Wankyo alicheka mpaka akakaa chini. "Mura, hizo ni saa za hewani. Bado Dar mpaka Mwanza, bado basi la kuja huku. Huyo utamwona kesho." Niliona aibu, lakini jogoo alishakufa, nikaendelea kumnyonyoa.

Jua lilipofika utosini nikasikia hodi. Bhoke amesimama getini, hana begi, amevaa viatu vyeupe. Kiangazi barabara yetu ni vumbi jekundu tupu, na viatu vile havikuwa na doa. Wewe ungewaza nini? Mimi sikuwaza. Nilifurahi.

"Umefikaje?"

"Si nilikuambia saa sita, kaka."

"Karibu basi, ingia."

Hakuinua mguu. Alilitazama boma lote taratibu, halafu akauliza, "Siku hizi unakula na nani?"

Ili asinione machozi, nikageuka kumletea kigoda. Niliporudi hakukuwa na mtu. Mama Wankyo akaniita kutoka upande wa pili wa ua: "Mura, unaongea na nani hapo?"

Hapo hapo simu ikaita. Alikuwa mwenzake wa kazini, analia. Bhoke alianguka alfajiri akijiandaa kwenda uwanja wa ndege, na jua lilipokuwa linachomoza kwetu huku, akakata roho. Hesabu mwenyewe kutoka hapo mpaka saa sita.

Mwili ulikuja baadaye, tukamzika kando ya mama. Tangu siku hiyo, ikifika saa sita siendi mbali na geti. Kigoda nimekiacha palepale. Nakula peke yangu, na lile swali lake bado linanisubiri kila ninaponawa mikono.

Wewe mwenye mtu wako ng'ambo, akikutajia saa, muulize ni saa za njiani au za mlangoni. Na akija kusimama getini kwako jua likiwa utosini, usigeuke kufuata kiti. Mjibu kwanza.