Mwalimu wa Hatin Abebaye Maji Berea

Ni saa kumi na mbili asubuhi, na Ezéchiel anapanda ngazi kwa mara ya nne, dumu la lita ishirini begani. Lifti ya jengo hili la Berea ilikufa zamani, na mabomba yana siku sita bila tone. Maji yako kwenye lori, mtaa wa pili.

Ghorofa ya saba, Mama Denise, mshonaji mzee kutoka Kongo, anamsubiri mlangoni.

"Mwalimu, umechelewa! Nilidhani umepata mke."

"Nani atanikubali na magoti haya, Mama?"

Kupandishiwa dumu ni randi kumi. Kwa wazee hachukui kitu, ila haondoki mpaka awaone wamekunywa.

"Kunywa kwanza, Mama. Maneno baadaye."

Kwao Makamba, Burundi, alifundisha historia miaka kumi na minne. Somo alilolipenda kuliko yote ni vita vya Hatin, mwaka 1187. Jeshi la Wakristo lilikuwa limepiga kambi penye chemchemi. Mfalme wao akashawishiwa usiku, na asubuhi akaliingiza kwenye vilima vikavu, katika joto la Julai. Ziwa walilokuwa wakiliendea walilifikia kwa macho tu; askari wa Salahuddin, sultani wa Waislamu, walisimama katikati, wakawashinda. Haikupita miezi mitatu, Yerusalemu ikaanguka, na wafalme wa Ulaya wakavuka bahari kupigana upya.

"Niliwaambia wanafunzi, dunia iligeuzwa na kiu ya siku mbili," anasema.

Mwaka 2015, machafuko yalipozuka, alikimbia na mkewe Goreth na binti yao Benita, mwenye miaka miwili. Oktoba iliwakuta Msumbiji, wakitembea kando ya mto. Wakasikia mbele kuna polisi wanaowarudisha wakimbizi.

"Goreth alisema tubaki mtoni. Mimi, mwalimu wa Hatin, nikasema tukate mlimani."

Anatua dumu chini.

Goreth alifariki siku ya pili. Akina mama wa kijiji kimoja, wasiojua hata neno moja la lugha yake, walimwosha na kumzika kwa vitenge vyao wenyewe. Ezéchiel anawaombea mpaka leo.

Benita sasa ana miaka kumi na miwili. Anajua mama yake alikufa kwa malaria, ndivyo alivyoambiwa. Wiki iliyopita aliomba hadithi ya vita, baba akamsimulia ya Hatin.

"Eish, Papa," mtoto akacheka, "huyo mfalme mjinga! Si angebaki kwenye maji?"

Baba alitoka, akakaa kwenye ngazi hadi Mama Denise alipomletea chai. Mama Denise akaketi naye.

Jumapili hii, baada ya ibada, Ezéchiel amepanga kumweleza binti yake ukweli wote. Anaogopa kuliko alivyoogopa polisi.

"Akinichukia, ana haki," anasema. "Lakini funda la mwisho la maji lilikuwa mkononi mwa mama yake, na akamnywesha yeye. Hilo sina ruhusa ya kumficha."