Prof Mwepu na Baiskeli Isiyoweza Kutembea

Usinicheke kwanza. Mimi si mtu wa kuona mashetani. Ni fundi wa rangi, nina karakana yangu commune ya Kenya, mtaa wa hapa mjini kwetu, si ile nchi, naandika majina ya maduka na kuchora picha. Pombe sinywi. Haya ninayokuambia yalinipata mchana kweupe, na kama nadanganya, radi inipige.

Wote tuliosoma shule yetu tunamjua Prof Mwepu. Ndiye aliyetufundisha kuchora. Na kinga yake, ndivyo tunavyoita baiskeli, ile ya kijani! Aliipenda mpaka mkewe, Mama Véro, akawa anatania kwamba ana mke mwenza wa magurudumu mawili. Kila Jumapili baada ya misa Prof alipanda akaenda mbali, kwenye njia za wachoma makala, yaani makaa, akarudi na karatasi zimejaa michoro. Somo lake la kwanza kila mwaka lilikuwa lilelile: "Chora kinga bila kuangaria." Rahisi, si ndiyo? Jaribu wewe. Mimi nilichora mnyororo kwenye gurudumu la mbele, na la nyuma likatoka dogo, limebonyea. Prof alicheka mpaka machozi, akaniambia niandike jina langu chini, akaichukua karatasi.

Nilimpenda mzee yule kama baba. Sasa sikia nilichomfanyia.

Msimu mmoja wa mvua nyumba yake ya mtaa wa Makomeno ilivuja, akaniletea picha kubwa ikaukie kwangu: wanawake wanashuka kwenye treni asubuhi na vikapu vyao. Jina hakuwa ameandika, maana aliandika mwisho kabisa. Akaja mtu wa hoteli, akaipenda, akauliza nani kaichora. Nikasema mimi. Alipogeuka kidogo nikashika burashi, nikaandika jina langu pembeni, naye akainunua aitundike hotelini. Picha ile ndiyo iliyonifanya nijulikane mjini. Prof nilimwambia mvua imeiharibu.

Alinitazama tu. "Bon, sawa," akasema. "Ni vile."

Hakuuliza tena. Miaka miwili akipita karakanani alipiga kengele kunisalimu, na mimi najificha nyuma ya mbao.

Mwaka jana, wakati wa baridi, nilikwenda Mokambo wiki mbili kupaka duka rangi, na simu yangu imekufa. Kurudi, lori letu likapasuka tairi penye mlima. Ilikuwa saa nne asubuhi. Wabeba makala walikuwa wanapita, wanasukuma baiskeli zao huku jasho linawatoka. Nyuma yao nikamwona Prof Mwepu, anapanda mlima amekaa wima, hahemi hata kidogo. Nilifurahi kwanza, niamini. Akasimama mbele yangu.

"Mutoto, uko muzima?"

"Niko, Prof. Mbona mbali hivi?"

"Naenda tu."

Ndipo nikatazama chini. Mnyororo ulikuwa umefungwa kwenye gurudumu la mbele. Gurudumu la nyuma lilikuwa dogo, limebonyea. Fundi gani wa dunia hii anaunda kitu kama kile? Ilikuwa ni ile yangu ya darasani, kwa mistari yangu ya kitoto.

"Njo ile yako, ile ya darasani," akasema kwa upole. "Bantu banasema haiwezi kutembea. Unaona, inatembea. Hii uliandika jina yako, na ilikuwa yako kweli."

Nini kilinizuia kusema? Neno moja tu, "Nisamehe." Badala yake niliinama nikautazama ule mnyororo. Na alingoja, naapa alingoja, mguu mmoja chini. Kisha akakanyaga, akapanda mlima. Dereva akaniuliza naongea na nani.

Jioni nilipofika Makomeno nikakuta turubai, kuni, akina mama kwenye mikeka. Prof alikuwa amezikwa juzi. Ilikuwa siku ya kufunga kilio, yaani kuanua matanga, na kwetu siku hiyo watu hawatawanyiki mpaka mkubwa wa familia aulize. Kaka yake akasimama:

"Muntu mwenye iko na neno na marehemu, aseme sasa. Tusirudi nayo ku nyumba."

Nikasimama. Nikasema yote: picha, jina, uongo wa mvua, na mlimani. Niliosoma nao walikuwepo, wateja wangu pia. Nililia kama mtoto, nikangoja matusi.

Mama Véro akainua uso. "Ikala chini, mutoto. We njo wa tatu tangu asubui."

Akaonyesha kwa kidevu wanaume wawili waliojiinamia karibu na moto, wanafunzi wake wa zamani. Nao Prof alikuwa amewakuta njiani, kila mmoja kwa baiskeli aliyoichora mwenyewe darasani. Mawee!

Nilikwenda hotelini, nikafuta jina langu, nikaandika lake. Wateja wengi wamenikimbia, na wana haki. Picha zangu za sasa hazina jina. Watu hunituliza: alikusamehe, ndiyo maana alikuja. Wanajuaje? Mimi ndiye niliyekuwepo. Alikuja, akangoja, nikanyamaza.

Wewe unayenisikia, kama umemkosea aliyekufundisha kazi, nenda kwake leo, angali anakufungulia mlango mwenyewe. Mfu anaweza kukufuata hadi barabarani akukumbushe kosa lako. Lakini mimi nimebisha hodi kaburini mara nyingi, na hajanijibu.