Mafuta ya Umma Puani mwa Shangazi

Shangazi yangu hakuwahi kuonja chakula alichopika. Kuonja, alisema, ni kwa wanaobahatisha. Yeye alifunua sufuria, akainama, akavuta pumzi, akajua kama viungo vimekaa. Kwa pua hiyo akawa mpishi mkuu wa shughuli zote za kwetu Chuno, na hakuna harusi wala hitima iliyoanza kabla hajafika na kikapu chake: mwiko mrefu, kopo la bizari, na chupa ya mafuta ya taa iliyozibwa kwa gunzi, ya kuwashia kuni mbichi.

Kisha akashikwa na mafua. Yalimkuta wakati wa korosho, na korosho za mwaka uliofuata zikayakuta bado yapo. Kichwa kilimgonga akiinama, shavu la kushoto likawa zito, na harufu zote zikampotea. Majirani walimfukiza kwa majani ya mkaratusi, wakamtilia mafuta ya habasoda, na kikongwe mmoja akampa ugoro uliompigisha chafya mpaka kuku wakahama uani. Mafua hayakujali.

Siku ya maulidi akaunguza wali bila kujua. Wageni walitafuna ukoko mweusi, wakafuta midomo, wakamwambia, "Leo umetupatia kweli, mama." Kwetu kumwambia mpishi kwamba chakula ni kibaya ni kukosa adabu. Ubaya husemwa njiani, wakati wa kurudi nyumbani, na njiani siku hiyo palikuwa pameshazungumzwa nani apewe mwiko wake.

Nami nilikuwa nimeposwa na watu wa Ziwani. Shangazi akaniita jikoni.

"Mwanangu, pua ikirudi, harusi yako nitaipika mwenyewe. Isiporudi, mwiko nitautoa kwa mkono wangu. Sitaki waninyang'anye mbele ya wakwe zako."

Niliumia kumsikia. Yeye ndiye aliyenilea, na bila ule mwiko sikujua angeamka asubuhi kwa kazi gani. Kesho yake nikampeleka hospitali.

Daktari alikuwa mgeni kutoka ng'ambo. Kiswahili chake kilikuwa "pole", "lala" na "kesho". Mengine yote yalipitia kwa muuguzi mmoja, ambaye alifasiri hotuba kwa neno moja na neno moja kwa hotuba. Picha ya eksirei ya kawaida ilionyesha ukungu tu shavuni. Basi daktari akaamua kumtia shangazi mafuta maalumu puani, yale yanayoonekana meupe kwenye picha. Nyuma ya mashavu yetu, alieleza, kuna vyumba vya mfupa vyenye hewa. Chumba kilicho kizima huyasukuma mafuta nje kwa siku chache, kigonjwa hukaa nayo. Kwa hiyo wapige picha leo, mgonjwa aende nyumbani aishi kama kawaida, kisha warudie picha waone kilichobaki.

Hayo nimekuja kuyajua baadaye. Muuguzi alifasiri hivi: "Mama, dawa hii imetoka ng'ambo. Ni mali ya umma. Rudi Alhamisi."

Wakamlaza mezani kichwa kikining'inia, wakamdondoshea mafuta, wakaweka mpira wa kuvuta hewa puani na kumwamuru aseme "ka, ka, ka" bila kukoma. Mwanamke aliyezoea kuamrisha jiko zima akawa anatetea kama kuku anayetafuta pa kutaga. Niliuma kanga yangu nisicheke.

Tulipofika nyumbani, ulinzi ukaanza. Mali ya umma imo puani mwake, haifai kumwagika. Shangazi aliacha kuinama. Aliswali ameketi kitini, akalala ameegemea ukuta, na kamasi akalizuia kwa kitambaa kama mtu anayeziba pipa. Majirani walikatazwa kutwanga pilipili. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu aliyependa hotuba kuliko uji, alikuja akasimama mlangoni.

"Huyu mama amebeba jasho la wananchi kichwani," alisema. "Atakayemchekesha atanieleza."

Kila asubuhi akawa anapita kukagua, akiangalia tundu za pua za shangazi kama mlinzi wa ghala.

Alhamisi picha ikapigwa. Upande wa kushoto mafuta yalikuwapo yote, meupe pe. Upande wa kulia yalikuwa karibu yamekwisha. Shangazi akainamisha uso kwa aibu, kisha akakumbuka na kuuinua haraka.

"Ya kulia nisameheni," alisema. "Jumanne mtu alifagia karibu yangu, nikapiga chafya. Lakini ya kushoto sijapoteza hata tone."

Safari hii muuguzi alifasiri neno kwa neno. Daktari alimtazama shangazi, akatazama picha, akacheka mpaka akavua miwani. Aliyoyapoteza ndiyo yaliyomfurahisha: upande wa kulia ni mzima, na chumba kizima hakimwombi ruhusa mwenye nyumba. Ule wa kushoto, aliojisifia, ndio uliokuwa umeoza. Balozi alipopata habari hizo alisema ana mkutano.

Wakaupenya upande huo kwa bomba jembamba na kuuosha kwa maji. Yaliyotoka sitayaeleza, huenda msomaji yuko mezani. Waliosha tena na tena, na pole pole harufu zikaanza kurudi: sabuni, moshi, udongo baada ya mvua. Shangazi alizunguka nyumba akinusa mito na milango, nami nikimfuata nyuma, nikilia kwa furaha.

Wiki ya harusi yangu akashusha kikapu apange viungo. Alifungua kopo la bizari, akainusa. Akanusa kifuniko. Akanusa chupa. Gunzi lilikuwa limeoza siku nyingi, na kopo zima lilinuka mafuta ya taa.

"Pilau zote zile," alisema. "Mlikuwa mnakula hivi?"

Tulikuwa wanawake wengi pale jikoni. Tukajibu pamoja, "Kilikuwa kitamu, shangazi."

Hakugomba. Alimwaga bizari uani, akaagiza mpya, na siku ya harusi akapika pilau ambayo harufu yake iliwafikia wakwe kabla hawajauona mlango wetu. Wageni walikula, wakafuta midomo, wakamwambia, "Leo umetupatia kweli, mama." Maneno yale yale, nyuso zile zile.

Aliingia chumbani nilimokuwa nimekalishwa bibi harusi, sahani mkononi.

"Onja wewe. Uniambie kweli."

Nikaonja. Haikuwahi kupikwa pilau kama ile, nami nikamwambia hivyo. Alinitazama, akaichukua sahani, akainama, akanusa mwenyewe.