Chapati za Mwalimu Kanyiva

Mwalimu Kanyiva hufundisha hesabu kwa chakula. Miaka tisa sasa, kila Ijumaa, anapanda huu mlima wetu wa Mbooni na hotpoti ya chapati alizopika mwenyewe.

Mwezi uliopita wazazi walinung'unika. Mwenyekiti wao, Gedion, akamwambia, "Watoto wanakula ama wanasoma? Tuonyeshe leo, la sivyo chapati ziishe."

Tulijaa darasani. Mwalimu akamwita mjukuu wangu, Ndanu, akampa chapati moja na kisu.

"Kata hii nusu kwa nusu."

Ndanu akakata kipande kikubwa na kingine kidogo. Watu wakacheka.

"Si niliwaambia!" akasema Gedion.

Mwalimu hakukasirika. "Mbona hivyo, Ndanu?"

"Kikubwa ni cha babu. Nyanya alikuwa anakata hivyo."

Ni kweli. Marehemu mke wangu alinikatia hivyo miaka arobaini, akisema ni nusu. Nilijua, nikala tu.

"Hiyo ni heshima," akasema Mwalimu. "Sasa nipe hesabu."

Ndanu akachukua chapati nyingine, akaikunja mpaka kingo zikakutana, akakata. Nusu moja akaikunja tena, akakata. Akapanga vile vipande viwili juu ya nusu iliyobaki. Vikatoshana!

"Robo mbili ni nusu!" akapiga kelele. "Na babu hajaongezewa!"

Darasa lote lilishangilia. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Gedion naye akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, hiyo robo moja naweza kupata?"

Chapati zinaendelea. Siku hizi hotpoti naipandisha mimi.