Firigisi ya Babu

Nilipokuwa mtoto kijijini Ihanja, dada yangu Zaina ndiye aliyeniambia kwanza kwamba kihenge, ghala letu la mtama, humshika mtu anayekula peke yake. "Ukiingia na chakula cha wizi, hutoki," alisema. Nilikuwa na miaka saba na niliamini kila alichosema.

Hata hivyo, siku ya ugali wa kwanza wa mtama mpya, niliiba firigisi ya Babu chunguni. Nyumba ilijaa shangazi na majirani waliokuja kupika, hapakuwa na pa kujificha ila ndani ya kihenge kitupu. Nikapanda, nikajitupa ndani, firigisi nikaitia mdomoni.

Haikumezeka. Nikataka kutoka, lakini kuta zilinizidi kimo, zimesiribwa udongo laini, na kila niliposhika niliteleza. Kumbe Zaina alisema kweli.

Nje walikuwa wanahesabu watoto. Kwetu mtama mpya hauliwi mpaka watu wote wa nyumba wawepo.

"Mwanaidi yuko wapi?" shangazi aliuliza.

"Labda ameolewa," baba mdogo akasema, wakacheka.

"Ugali unapoa, jamani," Mama akalalamika.

"Mchumba wangu haonekani, mimi sinawi," Babu akajibu. Ndivyo alivyozoea kuniita.

Wakakaa. Kicheko kikaisha. Mdogo wangu akaanza kulia njaa. Nikiita, wataiona firigisi. Nikinyamaza, hakuna atakayekula. Joto la mle ndani lilinibana mpaka pumzi ikawa fupi. Mwishowe nikaitoa firigisi mdomoni, nikaita, "Babu!"

Baba mdogo alinivuta juu kama gunia. Nikasimama mbele ya watu wote, firigisi kiganjani, natamani kurudi ndani.

Babu akaiangalia. "Hii ina alama za meno ya panya," alisema. Akaiosha, akaikatakata vipande vidogo kama punje za mahindi, kimoja kwa kila mtu, na mimi nikiwemo. "Haya, sasa tunaweni."

Leo nina mtoto wangu, na najua kihenge hakina mikono. Lakini akiniuliza, sisemi kwamba Zaina alidanganya. Kilichonibana zaidi mle ndani ni watu waliokataa kula bila mimi, na sijui kuta zipi zingeweza kunishika vile.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya mtama mpya, Mama alinipa kiporo na chai. Nilitoka navyo nje, nikakaa katikati ya njia ya uani, na kila aliyepita nikamwambia kwa sauti ndogo, "Karibu tule."