Mlango wa Nyuma wa Chumba cha Dobi

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nikisomea uhandisi wa kinga ya moto na usalama kazini, nilipopelekwa kufanya mazoezi ya kazi katika hoteli moja ya Diani. Mama yangu mdogo alikuwa akifua na kupiga pasi hapo hapo, yeye na wanawake wenzake wa Mwabungo. Nilipoingia chumba cha dobi kumwamkia, niliona mlango wa nyuma umetiwa kufuli kubwa.

"Shikamoo, mama. Ufunguo wa huu mlango uko wapi?"

"Marahaba. Anao meneja. Asema twaiba mashuka."

Nilimwendea meneja mchana ule ule. Nikamweleza kwamba chumba kile kina joto, kimejaa vumbi la pamba, na wanawake wale wana njia moja tu ya kutokea. Alinisikiliza macho yakiwa kwenye simu.

"Hayo ni ya darasani, kijana. Hapa ni kazini."

Wiki iliyofuata mashine ya kukaushia, iliyokuwa karibu na mlango wa mbele, ilishika moto. Nilisikia mayowe nikiwa jikoni. Nikachomoa shoka la zimamoto ukutani, nikazunguka nyuma mbio, nikalipiga lile kufuli hadi komeo likang'oka. Walitoka wakikohoa. Mama mdogo alitoka wa mwisho, mkono umebabuka hadi kwenye kiwiko.

Tulimkimbiza hospitali Msambweni. Jioni meneja akanipigia simu. Nilidhani atamjulia hali.

"Umeharibu mali ya hoteli. Kesho usije."

Chuoni waliniambia nitafute mahali pengine na nijifunze adabu. Adabu! Wao ndio walionifundisha kwamba mlango wa dharura haufungwi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za mlango.

Kidonda kilipopona, mama mdogo alirudi kazini kule kule. Nilimfokea barazani kwake, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mkubwa wangu yeyote. Nikamwambia twende tukashtaki, mimi nitatoa ushahidi.

"Nikishashtaki, mwanangu, nani ataniandika kazi Diani hii? Wewe?"

Nilivaa viatu vyangu, nikaondoka.

Sasa nimehitimu, nakagua majengo. Meneja yule amehamia hoteli nyingine, tena kwa cheo kikubwa zaidi. Juzi tulikutana Kona ya Musa, akaninyooshea mkono kwa bashasha. Sikuupokea.